Avignon au Arles: siku yako ndefu kwenye Mto Rhône uitumie wapi?

Meli za kitalii zinazoshuka Mto Rhône kutoka Lyon hukaribia mwisho wa safari kwenye miji miwili iliyo jirani: Avignon na Arles. Kati yake ni kama kilomita 40 tu kwa barabara. Yote miwili ni ya kale, yote imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO (Arles tangu 1981, Avignon tangu 1995), na yote unaizunguka kwa miguu kutoka gatini. Ukisoma ratiba ukiwa Nairobi, Dar es Salaam au Toronto, unaweza kudhani ni mji mmoja ulioandikwa mara mbili. Sivyo hata kidogo, na anayepanga siku zake vibaya hurudi nyumbani akiwa ameuona mmoja nusu na mwingine kupitia dirisha la basi.

Ratiba zenyewe hazifanani. Kuna meli inayolala Avignon na kuiachia Arles asubuhi moja. Nyingine hufanya kinyume. Na hata ukipewa siku nzima kwa kila mji, jioni ya kabla yake utaletewa karatasi ya matembezi ya kulipia: Pont du Gard, Châteauneuf-du-Pape, Les Baux, Camargue. Watu wanatia tiki kila kisanduku kwa kuogopa kupitwa na kitu, kisha wanatumia saa za thamani barabarani huku mji walioujia uko palepale nje ya chumba chao.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Avignon inagawanyika, Arles haigawanyiki. Avignon ina jambo moja kubwa linalokuingia akilini kwa saa mbili tatu, na baada ya hapo ukipanda basi kwenda kwingine hujaidhulumu. Arles ni mkusanyiko wa mambo ya ukubwa wa kati yaliyotawanyika kwenye vichochoro, na ukiipa nusu siku unaondoka na picha za uwanja wa Kirumi peke yake. Kwa hiyo siku ndefu ipe Arles. Nitaeleza kwa nini, na pia nani asinisikilize.

Kushuka gatini

Avignon inakupokea kwa ukuta. Ukuta wa karne ya 14 bado unauzunguka mji wa kale wote, urefu wake zaidi ya kilomita 4, na meli nyingi hufunga kamba kando yake kabisa. Unashuka, unavuka barabara ya magari, unapita langoni, na ndani ya dakika kumi hivi umesimama mbele ya Kasri la Mapapa. Ramani huihitaji: inua macho utafute sanamu ya dhahabu ya Bikira Maria juu ya mnara wa kanisa la Notre-Dame des Doms, uifuate.

Arles haijitangazi. Ukitokea mtoni unaona ukingo wa mawe, nyumba za rangi ya mchanga, madirisha ya mbao yaliyofungwa kukinga jua, basi. Uwanja wa Kirumi umebanwa na nyumba kiasi kwamba huuoni mpaka ukate kona ya mwisho, na hapo unakutokea wote kwa mara moja. Nao ni mwendo mfupi kutoka mtoni. Ila uliza mapema meli yako inafunga wapi hasa, kwa maana kuna ratiba zinazoandika Arles lakini meli inafunga Tarascon, juu kidogo ya mto, na abiria wanaletwa kwa basi. Ikiwa ndivyo, saa zako za Arles ziko mikononi mwa dereva, na hesabu yote inabadilika.

Kasri la Mapapa na uwanja wa Kirumi

Mwaka 1309 Papa Clement V, Mfaransa aliyeikwepa Roma na ugomvi wake, alihamia Avignon. Mapapa saba walikaa huko mfululizo hadi 1377, Gregory XI aliporudi Roma. Ujenzi wa kasri ulianza 1335, na sehemu kubwa ikasimama kwa muda usiofika miaka 20. Msomaji wa pwani yetu atapata kipimo kizuri hapa: msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, enzi za Husuni Kubwa, kasri la masultani wa mji ule. Miaka minne baada ya yeye kusifu uzuri wa mji ule, mafundi wa Avignon walikuwa wanaweka mawe ya kwanza ya jumba hili. Ni zama zilezile, za watawala waliotaka jiwe liseme ukubwa wao.

Na jiwe linasema. Kuta ni ndefu na nzito, zinafanana zaidi na za ngome kuliko za nyumba ya mtu wa Mungu. Mwaka 1348 Clement VI aliununua mji mzima kutoka kwa Malkia Joanna wa Napoli kwa florini 80,000, mwaka uleule tauni ilipoingia. Inasimuliwa kwamba daktari wake, Guy de Chauliac, alimkalisha Papa kati ya mioto miwili mikubwa ili hewa mbaya isimfikie, na kwamba makaburi yalipojaa Papa aliubariki Mto Rhône wenyewe ili maiti zitupwe humo. Ni mto huohuo uliolalia usiku uliopita.

Lakini ujue mapema: ndani kumebaki utupu mwingi. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa kasri liligeuzwa kambi ya jeshi na gereza, hadi 1906, na askari walibandua vipande vya michoro ya ukutani wakaviuza. Ukumbi wa karamu, Grand Tinel, una urefu wa mita 48 na leo ni sakafu, kuta na dari tu. Kishikwambi unachopewa pamoja na tiketi kinakuonyesha vyumba vilivyokuwa, na kwa watoto kinasaidia sana. Mimi nakushauri ukizime ukifika Chambre du Cerf, chumba cha kazi cha Clement VI. Humo michoro ya 1343 imebaki ukuta hadi ukuta. Watu wanavua kwenye bwawa la samaki, mmoja ameshika kipanga mkononi, mbwa wanakimbiza, vijana wanachuma matunda mitini, na nyuma yao wote ni majani, majani, majani ya kijani iliyokolea. Hakuna mtakatifu hata mmoja. Papa alitaka kufanyia kazi katikati ya msitu. Chumba ni kidogo na makundi yanasukumana, kwa hiyo acha kundi lipite, ubaki dakika tano. Kwangu mimi hizo ndizo dakika tano bora za Avignon yote.

Saa mbili zinatosha kwa kasri. Ukiongeza uwanja ulio mbele yake, kupanda Rocher des Doms, kilima cha mwamba kando ya kasri, na kuliangalia daraja la kale la Saint-Bénézet, umepata asubuhi kamili.

Arles, uwanja wa Kirumi ulijengwa karibu mwaka 90 baada ya Kristo. Una mita 136 kwa 109, na ulichukua watu kama 20,000. Ukitaka ukubwa mtupu, kuna viwanja vya Kirumi vinavyoupita. Kinachonivuta ni yaliyoupata baadaye. Dola ya Roma ilipoanguka, watu wa Arles waliingia ndani ya uwanja, wakaziba matao, wakajenga minara ya ulinzi, na uwanja ukawa mji: nyumba kama 200 na makanisa madogo mawili, vyote ndani ya duara lile. Waliishi hivyo kwa karne nyingi, mpaka nyumba zilipoanza kuondolewa miaka ya 1820. Minara mitatu ingali imesimama, na mmoja unapandwa. Ukifika juu unaona mapaa ya vigae, mto unaokata kona, na vilima vya Alpilles kwa mbali.

Uwanja bado unatumika, na hili liangalie kabla ya kununua tiketi ya onyesho. Bango likiandikwa *corrida*, fahali atauawa mbele yako. Likiandikwa *course camarguaise*, vijana waliovaa nguo nyeupe wanashindana kunyakua utepe na nyuzi zilizofungwa kati ya pembe, na fahali anarudi zizini akiwa hai. Fahali hodari wa mchezo huu wana majina, na wenyeji huwajua kama sisi tunavyowajua wachezaji wa Simba na Yanga. Huo wa pili nenda, nenda hata na watoto.

Nikilinganisha viwili hivi peke yake, kasri na uwanja, Avignon inashinda. Kasri ni kubwa zaidi, lina historia nzito zaidi, na hakuna la mfano wake. Kama safari yako inakupa saa tatu tu katika mji mmoja, na hujawahi kufika kusini mwa Ufaransa, chagua Avignon.

Ila Arles haikuishia uwanjani.

Vile ambavyo Avignon haina

Toka uwanjani, tembea hatua chache, unakuta ukumbi wa maigizo wa Kirumi, wa zama za Mfalme Augusto. Nguzo mbili tu zimebaki zimesimama jukwaani, na wenyeji wanaziita wajane wawili. Shuka zaidi hadi Place de la République, usimame mbele ya mlango wa kanisa la Saint-Trophime, wa karne ya 12. Juu ya mlango Kristo amekaa kuhukumu. Kushoto kwako waliookoka wanatembea wamevaa nguo zao kwa heshima. Kulia kwako waliopotea wanaswagwa uchi, wamefungwa mnyororo mmoja, na miguu yao inakanyaga ndimi za moto. Ni jiwe la miaka zaidi ya 800, na ndimi zile bado zinaonekana moja moja. Kuutazama mlango hakuna malipo.

Kutoka uwanja huohuo wa mji, kupitia jengo la manispaa, unashuka chini ya ardhi kwenye mahandaki ya Kirumi yaliyobeba sakafu ya soko kuu la kale. Siku ya jua kali ni mahali pa kumshukuru Mungu. Ukipanda tena, nenda Place du Forum, uangalie pembe ya hoteli iliyopo pale: nguzo mbili za Kirumi na kipande cha jiwe juu yake zimo ndani ya ukuta wa hoteli, kama vile mwashi hakuona sababu ya kuzihamisha. Hiyo ndiyo Arles. Mambo ya kale hayakutengwa kando, yamo ndani ya nyumba za watu.

Kisha kuna jahazi. Nalisema kwa mkazo kwa sababu abiria wengi wa meli hawalifikii. Liko kwenye jumba la makumbusho ya mambo ya kale, Musée départemental Arles antique, jengo la buluu pembeni mwa mji, mwendo wa kama dakika 20 kwa miguu ukifuata mto. Mwaka 2004 wapiga mbizi waliliona kwenye matope ya Rhône, 2011 likatolewa vipande vipande, na tangu 2013 limesimama zima ukumbini: jahazi la mizigo la Kirumi la karne ya kwanza, urefu wa mita 31, kitako bapa, limetengenezwa kwa mbao. Lilizama na shehena ya mawe. Jiko la mabaharia bado lipo, ni mtungi mkubwa wa udongo uliokatwa ukawa wa kuwashia moto, na vyombo vyao vya kulia. Ndani ya mbao za omo mafundi walikuwa wamechomeka sarafu moja ya fedha kuombea safari njema.

Fikiria uko wapi unapoliona. Umekuja kwa meli yenye kitako bapa, mto huohuo, na kabla ya mabwawa na milango ya maji ya karne ya 20 kuutuliza, mto huo ulikuwa unazamisha watu wenye ujuzi kukuzidi wewe na nahodha wako. Sijui kitu kingine kwenye safari nzima ya Rhône kinachokueleza vizuri hivi kwa nini miji hii ipo hapa. Jumba hufungwa Jumanne. Ikiwa meli yako inafika Arles Jumanne, hoja yangu inapungua nguvu, na sitakuficha hilo.

Van Gogh, kwa anayemtafuta

Mchoraji Vincent van Gogh aliingia Arles Februari 1888, akakuta theluji, akaondoka Mei 1889. Katika miezi ile alichora picha za rangi kama 200. Watu hufika wakidhani watazikuta. Hawatazikuta: mji hauna jumba lake lililojaa kazi za Van Gogh, na taasisi inayobeba jina lake pale, Fondation Vincent van Gogh, huonyesha kazi za kuazima. Nyumba yake ya njano, Place Lamartine, ilipigwa bomu 1944 na haipo.

Kinachobaki ni mahali penyewe. Ua la hospitali alikotibiwa baada ya kujikata sikio Desemba 1888 linatunzwa na maua kufuata picha aliyoichora. Na ukingo wa mto karibu na ilipokuwa nyumba yake ndipo alipochora usiku wa nyota juu ya Rhône, Septemba 1888. Picha yenyewe iko Musée d'Orsay, Paris. Meli nyingi hufunga karibu kabisa na hapo. Ikiwa meli yako inalala Arles, toka baada ya chakula cha jioni, simama ukingoni uangalie taa zinavyoteremka majini. Hili halimo kwenye karatasi ya matembezi, na halina bei.

Avignon nayo ina jioni yake. Chini ya Rocher des Doms, karibu na daraja, kuna kiboti cha bure kinachovusha watu hadi kisiwa cha Barthelasse wakati wa msimu. Vuka saa za alasiri, tembea ukingoni, ugeuke: kasri, kanisa, ukuta na daraja vyote vimo machoni pako mara moja, vimepigwa na jua la magharibi. Daraja lenyewe, Saint-Bénézet, lilianza kujengwa 1177. Lilikuwa na matao 22, mafuriko yakalivunja mara kwa mara, na katika karne ya 17 watu wakachoka kulirekebisha. Yamebaki matao manne, yanaishia katikati ya maji. Kulipia kupanda juu yake peke yake sioni haja, isipokuwa ununue tiketi ya pamoja na kasri. Ukiwa juu ya daraja hulioni daraja.

Karatasi ya mabasi

Hapa ndipo tofauti ya miji hii inapokuwa na faida kwako. Kwa sababu Avignon inamalizika vizuri asubuhi, alasiri yake iko huru, na tembezi la Pont du Gard linaijaza barabara. Liko kama kilomita 25 tu. Ni daraja la maji la Kirumi la karne ya kwanza, matao ya ngazi tatu, urefu kwenda juu karibu mita 49. Lilikuwa sehemu ya mfereji wa kilomita 50 uliopeleka maji Nîmes, na katika umbali wote huo mfereji unashuka mita kumi na kidogo tu. Mafundi wale walipima mteremko mdogo namna hiyo bila chombo chochote cha kisasa, na mawe ya matao ya chini yamekaa pamoja bila chokaa. Kama utalipia tembezi moja tu katika safari nzima, lipia hili.

Châteauneuf-du-Pape ni la mvinyo. Mashamba yamejaa mawe ya mviringo yanayohifadhi joto la mchana, na juu kuna gofu la kasri la Mapapa. Kwa asiyekunywa pombe hakuna cha kutosha, hata mandhari yawe mazuri vipi. Baki Avignon, uende jumba la Petit Palais kwenye uwanja uleule wa kasri: michoro ya Kiitalia ya zama za kati, na mkusanyiko wa kudumu hautozi kiingilio.

Kutoka Arles watakuuzia Les Baux na Camargue. Les Baux ni kijiji cha mawe juu ya mwamba, kizuri, chembamba, kinachojaa watu kuanzia saa nne asubuhi. Singeiacha Arles kwa ajili yake. Camargue ni suala jingine. Ni delta ya Rhône: mashamba ya mpunga, mabwawa ya chumvi, farasi weupe, fahali weusi, na heroe wa waridi kwa maelfu, ndugu wa wale wa Ziwa Nakuru na Natron. Anayetoka kwetu na amewaona kwao huenda asisisimke sana. Lakini ikiwa umesafiri na watoto waliozaliwa Ulaya au Amerika ambao heroe wamemwona vitabuni tu, badili mpango bila kusita.

Miguu, upepo, na saa ya kula

Ukiwa na mzee, pima ngazi. Kasri la Mapapa lina ngazi nyingi za mawe, nyembamba, zinazopanda na kushuka kati ya vyumba, na njia ya watalii ni ya upande mmoja. Ukishaingia ni vigumu kurudi nyuma. Nimewahi kuongozana na mama mmoja wa Tanga aliyesimama katikati ya ngazi akaniuliza, "Mwanangu, hizi zinaisha kweli?" Nikamwambia, "Zimebaki chache, mama, pumzika tutangulie pole pole." Akapumzika, akamaliza, akafurahi, lakini alasiri hakuinuka kitini. Kwa mzee wa namna hiyo, Rocher des Doms kuna treni ndogo ya magurudumu inayopanda kutoka uwanja wa kasri, na bustani iliyo juu ina vivuli na mabenchi.

Arles ina mteremko kuelekea uwanjani na mawe ya barabarani yasiyo sawa, lakini vituo viko karibu karibu, na kila kimoja unaweza kukiruka bila kuharibu kinachofuata. Makumbusho yenye jahazi ni jengo la kisasa lisilo na tabu ya ngazi. Kwa anayetumia kitimwendo, naona Arles ni rahisi zaidi, mradi upate teksi ya kwenda makumbusho.

Upepo wa mistral uheshimu. Unashuka bonde la Rhône kutoka kaskazini, siku nyingine unapita kilomita 100 kwa saa, na ukikukuta juu ya Rocher des Doms utashika kofia kwa mikono miwili. Anga huwa buluu safi, ndiyo maana watu hudanganyika wakatoka bila koti. Vichochoro vya Arles vinaukata vizuri zaidi kuliko uwanja mpana wa Avignon.

Julai ni mwezi wenye mashaka kwa Avignon. Tamasha la maigizo lililoanzishwa na Jean Vilar mwaka 1947 huujaza mji. Mabango yananing'inia kila nguzo, hoteli zinafurika, na ua kuu la kasri hujengewa jukwaa na viti, kwa hiyo hulioni lilivyo. Mpenda maigizo atafurahi mno. Mpenda majengo aje Mei au Septemba. Arles nayo ina maonyesho ya picha, Rencontres d'Arles, tangu 1970, yanayoanza Julai na kuendelea hadi mwisho wa kiangazi, lakini hayo yanafungua makanisa ya kale na mabanda ambayo kwa kawaida yamefungwa. Kwa mgeni wa siku moja ni nyongeza, hayampunguzii kitu.

Chakula: usirudi melini mchana kwa sababu tu kimelipiwa. Kwenda na kurudi, kula na kupumzika, ni saa mbili zimekwenda. Ila migahawa ya huko hupika mchana kati ya saa sita na saa nane. Ukichelewa utapata kahawa na keki. Avignon kuna soko la ndani, Les Halles, wanauza samaki, jibini, zeituni na vyakula vilivyokwisha pikwa. Linafungwa mchana, na Jumatatu halifunguliwi. Arles soko lake kubwa ni Jumamosi asubuhi, kando ya Boulevard des Lices, na likikuangukia siku hiyo lipe saa nzima. Nunua mchele mwekundu wa Camargue. Una ladha ya karanga na unasafiri vizuri. Kwa wanaofuata halali, tahadhari na mchuzi maarufu wa nyama ya fahali, *gardiane*, maana hulowekwa na kupikwa kwa mvinyo mwekundu. Miji yote miwili ina familia nyingi zenye asili ya Afrika Kaskazini, na mabucha na migahawa yao utaipata ukitoka nje kidogo ya mitaa ya watalii.

Basi ugawe vipi?

Mwenye siku moja kwa kila mji: Avignon asubuhi kasri, alasiri Pont du Gard. Arles kwa miguu siku nzima, ukianza na makumbusho yanapofunguliwa, ukirudi mjini kabla ya saa sita, na uwanja wa Kirumi ukiuacha kwa alasiri makundi yanapokuwa yamerudi melini.

Mwenye siku moja na nusu: nusu iwe ya Avignon, bila basi lolote.

Mwenye asubuhi moja tu, au mwenye watoto wadogo wanaotaka kasri na kishikwambi: Avignon, na asiangalie nyuma. Vivyo hivyo kwa Mkatoliki ambaye jina la mji huu amelisikia tangu darasa la dini.

Na kama meli yako inafunga Avignon siku nzima na Arles haimo kabisa kwenye ratiba, usiandike barua ya malalamiko. Stesheni ya Avignon Centre iko nje kidogo ya ukuta, na treni ya mkoa inafika Arles kwa takriban dakika 20. Ona kasri mapema mlango unapofunguliwa, panda treni kabla ya mchana, rudi jioni. Beba pasipoti na kadi ya chumba chako cha meli, na kabla hujaondoka muulize ofisa wa mapokezi saa kamili ambayo ngazi ya meli inavutwa, kisha mwambie akuandikie na namba ya simu ya meli.